Mrejesho: Miwani ya VR kwa mkono wa mama
Wakuu, niliuliza kama miwani ya VR (unaivaa, unajiona uko ndani ya mchezo wa kompyuta) itamfaa mama kwa mazoezi, mkono wake wa kushoto umelegea tangu apate kiharusi. Nilipata miwani aina ya Quest 2, ya mtumba, Kariakoo. Kamera zake husoma vidole vyenyewe, hana haja ya kushika rimoti, na kushika ndiko hasa alikoshindwa. Kasheshe ni pale vidole vikijikunja: miwani inaupoteza mkono, mama anafoka, "Umenikimbia tena!" Chumba kikiwa na giza ndiyo kabisa haioni kitu.

Mtaalamu wa fiziotherapia kasema iwe nyongeza ya mazoezi, siyo mbadala. Mama anacheza ameketi, dakika 15; akihisi kizunguzungu tunaivua. Juzi kanyanyua kikombe cha plastiki. Kitupu, lakini. Chai bado namshikia.