Kompyuta yadai kumbukumbu haitoshi ilhali diski ina nafasi: tofauti ni ipi?

Mweka Hazina wa Kikundi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, na mwezi uliopita nilinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika ili niachane na madaftari. Muuzaji aliniambia kwa kujiamini kwamba ina "memori ya 256". Sasa kila ninapofungua jedwali la michango, barua pepe na programu ya kuandikia kwa wakati mmoja, mashine husuasua, na mara mbili imeniletea ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi. Nimefuta picha na video za harusi ya mdogo wangu, gigabaiti 40 nzima, lakini hali haikubadilika hata kidogo. Isitoshe, nikitazama ukubwa wa diski naona 238 badala ya 256. Je, nimepunjwa? Na kumbukumbu inayolalamikiwa ni ipi, kama si hiyo niliyoipunguzia mzigo?

Fundi Mstaafu

Ndugu Mweka Hazina, pole kwa usumbufu, na pole zaidi kwa video za harusi, kwa sababu umezifuta bure. Tatizo limeanzia kwenye neno moja. Madukani mwetu kila kinachotunza data huitwa "memori", kuanzia kadi ya simu hadi diski, ilhali ndani ya kompyuta kuna vitu viwili vyenye kazi tofauti kabisa. Kuna hifadhi, ambayo kwako ni hiyo diski ya 256, na kuna kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM na ambayo kwenye mashine nyingi za bei nafuu huwa gigabaiti 4 au 8 tu.

Chukua mfano wa nyumba yenye shughuli. Magunia ya mchele yanaweza kukaa ghalani mwaka mzima, lakini mchele hauivi ghalani. Huletwa jikoni, na jiko lina mafiga ya kutosha vyungu vichache tu. Prosesa, ambayo ndiyo mpishi, haishughulikii kitu kikiwa bado ghalani, kwa hiyo kila programu unayoifungua hunakiliwa kwanza kutoka kwenye diski hadi kwenye RAM. Ulichofanya wewe ni kutoa magunia ghalani ukitumaini mafiga yataongezeka. Tofauti nyingine ni kwamba RAM husahau kila kitu umeme ukikatika, na ndiyo maana jedwali ambalo hukulihifadhi hupotea betri ikiisha ghafla, ilhali yaliyoko kwenye diski hubaki salama.

Mwanafunzi wa Mifumo

Mfano wa Fundi ni mzuri, ila una kasoro moja ambayo nisingependa ipite. RAM inapojaa, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta nzima kama vile Windows, hausimami hapo hapo, bali hutumia sehemu ya diski kana kwamba ni RAM, ukihamishia huko yale ambayo mtumiaji hajayagusa kwa muda. Ni sawa na mpishi anayeshusha chungu kimoja, akakipeleka ghalani, kisha akakifuata tena kila kinapohitajika: shughuli inaendelea, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Kwa hiyo ghala lililojaa pomoni nalo lina lawama yake, na aina ya diski ina uzito pia, kwa kuwa ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka huchelewa mno kuliko SSD, ambayo haina sehemu yoyote inayozunguka.

Usikisie. Kama unatumia Windows, bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc, na utaona kila programu inachukua kiasi gani cha RAM.

Karani wa Tarakimu

Kuhusu 238, hukupunjwa. Biti ni tarakimu moja, ama 0 ama 1. Biti 8 hufanya baiti, ambayo inatosha kubeba herufi moja ya kawaida, kwa mfano "a" ndogo ni 01100001. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, yaani mbili iliyozidishwa yenyewe mara 30. Gawanya bilioni 256 kwa namba hiyo ya pili, utapata 238 na ushei. Tangu mwaka 1998 hesabu hii ya pili ina jina lake rasmi, gibibaiti, na kwa maoni yangu kuendelea kuiita gigabaiti ni ukaidi tu unaowasumbua wanunuzi.

Niongeze jambo dogo kabla hujanunua intaneti kwa ajili ya ofisi: kasi hutangazwa kwa megabiti, si megabaiti. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu, hivyo faili ya megabaiti 700 itachukua zaidi ya dakika 9 hata mtandao ukiwa katika hali nzuri kabisa.

Mweka Hazina wa Kikundi

Ahsanteni sana. Nimebonyeza vibonye hivyo na kukuta RAM ni gigabaiti 4, ambazo 3.6 zinatumika, na kivinjari peke yake kimechukua karibu nusu kwa kuwa nilikuwa nimeacha kurasa 19 wazi. Je, RAM inaweza kuongezwa?

Fundi Mstaafu

Inawezekana, kutegemea mashine. Katika dirisha hilo hilo, kwenye sehemu ya utendaji, kuna mstari unaoonyesha nafasi ngapi za kupachikia RAM zimetumika. Ukiona 1 kati ya 2, kuna nafasi wazi. Thibitisha aina kabla ya kulipa, kwa sababu RAM ina vizazi tofauti: kipande cha kizazi cha DDR3 cha kompyuta mpakato kina pini 204 na cha DDR4 kina 260, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Mashine nyingine nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama na haiongezeki. Ukikuta yako ni ya namna hiyo, zoea kufunga kurasa usizozitumia, na usikubali mtu akuuzie diski kubwa zaidi kuwa ndiyo dawa.