Mwezi unakimbilia kusini, au ni mawingu yanayokwenda kaskazini?

Mkazi wa Mkomani, Lamu
Assalamu alaikum. Jana baada ya sala ya isha nilikuwa nimeketi barazani na mwanangu wa miaka 7, mwezi wa kumi na nne ukiwa umekwisha kupanda juu ya kisiwa cha Manda, mashariki yetu. Kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa ikivuma kwa nguvu na mawingu yamekatika vipande vipande. Mtoto akaniuliza mwezi unakimbilia wapi, nami nilipoutazama niliuona kweli ukienda mbio upande wa Shela, yaani kusini, huku mawingu yakiwa kama yamesimama. Lakini baada ya nusu saa ulikuwa ungali juu ya Manda, umepanda kidogo tu. Naomba maelezo nitakayoweza kumpa bila ya kumdanganya, kwani mwezi huchwea magharibi, wala si kusini.

Mwalimu wa fizikia, Malindi
Wa alaikum salaam, dada. Katika anga isiyo na alama jicho huona tu kwamba vitu viwili vinapishana, na kwa kawaida hukichukua kile kikubwa kilichoenea kuwa ndicho kilichotulia. Mawingu yameijaza anga na mwezi ni kitu kidogo katikati yake, kwa hivyo mwendo wa mawingu kwenda kaskazini huhesabiwa kuwa ni mwendo wa mwezi kwenda kusini.

Tofauti ya kasi ni kubwa mno. Wingu lililo utosini, urefu wa mita 1,000, likisukumwa kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, huuvuka upana wa mwezi kwa muda wa sekunde 1 hivi. Mwezi wenyewe, kwa sababu ya dunia kujizungusha, huchukua dakika 2 kusogea upana wake mmoja, na mwendo wa polepole namna hiyo jicho haliwezi kuutambua pasipo alama ya kulinganishia.

Baharia mstaafu, Lamu
Binti yangu, mtoto aliyepita mkondo wa bahari wa Mkanda kwa jahazi atafahamu upesi, maana aliyemo chomboni huona mikoko ndiyo inayorudi nyuma. Mpe hiyo alama aliyoitaja mwalimu. Mkalishe chini ya upenu, aegemeze kichwa ukutani kisitikisike, autazame mwezi unapokaribia ukingo wa paa. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi hupanda karibu wima, basi utapotea nyuma ya paa ukielekea juu. Mtahadharishe tu kwamba kila siku huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50, na ndiyo maana maji nayo huchelewa kujaa.

Mwanafunzi, Malindi
Shikamoo mwalimu. Ikiwa dunia inajizungusha, je, mawingu nayo hayaendi kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuachwa nyuma?

Mwalimu wa fizikia, Malindi
Marahaba. Hapana, hewa huzunguka pamoja na dunia. Ardhi yetu hapa inakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na lau hewa ingeachwa nyuma tungepigwa na upepo wa kasi hiyo kutoka mashariki, usioacha mnazi umesimama. Mawingu hufuata upepo wa kimo chake, na ndiyo sababu wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, huelekea kusini, ilhali jua, mwezi na nyota haziachi kuelekea magharibi mwaka mzima. Kasi hiyo ya ardhi ina faida yake pia: roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta huanza na msukumo wa bure, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970.

Mkazi wa Mkomani, Lamu
Nawashukuru nyote. Usiku wa leo tumekaa chini ya upenu, na mara tu mtoto alipoutazama ukingo wa paa akasema mawingu ndiyo yanayokwenda. Kisha, mwezi ulipogusa paa, akaanza kuhesabu, na alikuwa amefika 130 ulipofichika wote.