Nataka kununua Benzi SEC ya zamani hapa Ujerumani, wenye uzoefu nishikeni mkono

Makorora_Stuttgart

Habari zenu wakuu. Niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, naishi nje kidogo ya Stuttgart, napiga kazi za zamu kiwandani, gari yangu ya kila siku ni Golf ya dizeli haina shida. Ila kuna kitu kinanisumbua tangu nikiwa mdogo. Kwetu Tanga kulikuwa na mzee mmoja ana Benzi ya milango miwili, jioni jioni akipita kateremsha vioo vyote, ile gari katikati haina nguzo, kwa hiyo unaona kuanzia kioo cha mbele mpaka nyuma kuko wazi na mkono wake umelala pale dirishani hana haraka na mtu. Sisi tunaacha mpira tunasimama. Nimekuja kujua ukubwani kwamba inaitwa SEC.

Sasa nimejikusanya nina kama euro 25,000 na mke wangu kakubali kwa shingo upande. Nimeziona mbili. Moja 500 SEC ya 1984, kilomita 140,000, euro 17,900, muuzaji anasema haina kutu na imepigwa rangi juzi juzi tu inang'aa balaa. Ya pili 560 SEC ya 1988, kilomita 260,000, euro 24,500, kitabu cha servisi kimeishia njiani. Jamaa wa kazini ananiambia achana na Benzi chukua BMW 635CSi.

Nichukue ipi, nikifika pale nitazame nini, na kodi zake zikoje? Na siku nikirudi nyumbani naweza kwenda nayo?

babu_wa_gongo

Mkuu chukua Vitz, hiyo hela inayobaki jenga.

Fundi_Altona

Babu mwache kijana ale maisha.

Mimi niko Hamburg, hizi gari nimezifungua sana gereji, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Kwanza tuelewane, SEC ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1981, zimeundwa mpaka 1991, jumla 74,060. Mia tano ndiyo nyingi, 30,184, halafu 560 ni 28,929. Kwa hiyo siyo gari adimu. Usikubali mtu akukimbize kwamba leo leo kuna mteja mwingine anakuja, mwache aje, zipo.

Pili, kitu cha kununua ni bodi. Injini ya V8 ya hizi gari ni ngumu, ukiitunza inakwenda, spea zinapatikana, na wewe uko jirani kabisa na Fellbach pale Mercedes wenyewe wana kituo chao cha magari ya zamani (bei zao jipange). Lakini bodi ikishaoza hela yote inaishia kwa mtu wa kuchomelea. Kutu ya SEC inajificha, hilo ndilo baya lake. Inaanzia chini ya kioo cha nyuma, ndani ya mpira, maji yanaingia taratibu yanateremka kwenye buti na wewe huoni kitu. Kwa hiyo fungua buti, nyanyua zulia, chomeka mkono kule pembeni kabisa, ukikuta unyevu au harufu ya stoo ya mihogo ondoka. Halafu zile plastiki za ubavuni chini ya milango, Wajerumani wanaziita mbao za Sacco kwa jina la Bruno Sacco aliyekuwa mkuu wa wabunifu, zile zinapendeza lakini nyuma yake ndiko uchafu na chumvi ya barabarani inakaa miaka thelathini. Sehemu za kupigia jeki ziko huko huko. Muuzaji akikataa plastiki isifunguliwe ujue anajua kuna nini.

Sasa hiyo ya 17,900 yenye rangi mpya. Mimi rangi mpya kwenye gari inayouzwa naiogopa kuliko rangi iliyochubuka. Nenda na sumaku ndogo umeifunga kitambaa isikwaruze, pitisha kwenye matao ya tairi, pale isiponata siyo bati tena, kuna puti ya kuziba mashimo.

Tatu, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Hii usisahau. V8 ya Benzi ya miaka ile ina cheni ya taimingi, na cheni inateleza kwenye vipande vya plastiki ambavyo kwa umri na joto vinakauka vinakuwa kama biskuti. Kikivunjika kipande kikaingia kwenye cheni, cheni inaruka, pistoni inagonga valvu na hapo umemaliza injini. Ikiwa baridi ukiiwasha unasikia mbele kwenye injini chakachaka ya sekunde chache, ikishapata moto imenyamaza, ndiyo maana wajanja wanaipasha kabla mteja hajafika. Moshi wa bluu ukiwasha halafu ukapotea siyo mwisho wa dunia, mara nyingi ni sili za valvu, ila utumie kushusha bei.

Ikiondoka kwa gia ya pili usishtuke, otomatiki yake ukikanyaga kidogo inaanza na mbili, ndivyo ilivyoundwa.

Kodi: ikishatimiza miaka 30 tangu kusajiliwa unaomba namba yenye H (ya magari ya kihistoria), mkaguzi anaandika ripoti kwamba gari iko kwenye asili yake, basi unalipa euro 191.73 kwa mwaka hata injini iwe na lita tano unusu. Na unaingia katikati ya miji yenye vizuizi vya moshi bila stika. Bima ya magari ya zamani ni nafuu lakini wengi wanataka uwe na gari nyingine ya kila siku, Golf yako itakusaidia hapo. Kinachouma ni petroli, mjini weka lita 15 au zaidi kwa kilomita mia.

Kamau_wa_Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Hiyo story ya kurudi nayo nyumbani, kama ni Kenya sahau kabisa. Hapa gari ikipita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia, na usukani wa kushoto pia hapana. Za zamani unazoziona hapa ziliingia zamani. Tanzania nasikia inaingia lakini wanakutwanga ushuru wa uchakavu juu ya ule wa kawaida.

Kitu kimoja kwenye namba ya chesi, itakusaidia. Inaanza WDB halafu 126 halafu 044 kama ni 500 SEC, au 045 kama ni 560. Tarakimu inayofuata hapo ndiyo ya usukani, 1 ni kushoto na 2 ni kulia. Mjomba wangu alitangaziwa 560, kumbe chesi inasoma 044, mtu alibadilisha tu herufi za nyuma kwa buti, herufi zinauzwa dukani hizo. Soma chesi kwanza, mambo ya chai na mwenye gari baadaye.

Al_Jazira_Sharjah

Assalaam alaikum. Huku Ghuba nako zipo ndugu zangu na kutu hazijui, lakini usidhani ni bure, jua limezila. Dashibodi imepasuka kama ardhi ya kiangazi, zile mbao za ndani zimebanduka vanishi, mipira yote ya milango na vioo imekauka, siti za ngozi ukikaa zinalia. Mimi nilinunua moja ya namna hiyo nikasema bodi safi nimepata, miezi minane nafanya kazi ya kutafuta mipira. Na kwenye gari isiyo na nguzo ya katikati mpira ndio kila kitu, kioo kinafunga kwenye mpira na kioo kwenye kioo, ukipita kilomita 120 kwa saa unasikia upepo unapiga mluzi sikioni mpaka unaacha kusikiliza redio.

Ukipata iliyotoka Japani itazame vizuri, Wajapani walizinunua sana enzi zile, nyingi usukani kushoto hivyo hivyo, na wametunza.

Mzaramo_Köln

Naona wote ni Benzi Benzi. Jamaa yako wa kazini hakukosea, 635CSi ina silinda sita zimepanga mstari, nguvu farasi 218, injini fundi yeyote anaielewa na ukiiendesha unajua unaendesha, siyo kama Benzi umekaa sebuleni. Ila sitakudanganya, kutu ya BMW ile ni mbaya zaidi, mafenda ya mbele na vizingiti vinaliwa. Mimi binafsi ningetafuta Porsche 928, bodi imepigwa zinki, milango na boneti na mafenda ni aluminiamu, na ilichukua Gari Bora la Mwaka Ulaya 1978 ikiwa sports. Tatizo yenyewe ina mkanda wa taimingi badala ya cheni, na ukipuuza ratiba ya kuubadilisha itakufundisha hesabu.

babu_wa_gongo

Vitz haina hata mojawapo ya matatizo hayo.

Makorora_Stuttgart

Wakuu nimerudi, asanteni sana, jana Jumamosi nilienda kuiona ile ya rangi mpya.

Fundi nilifanya ulivyosema, nikampigia Ijumaa nikamwambia nataka niikute baridi akasema hamna shida kabisa. Nafika, salamu, kabla hata hajamaliza kusema bei nimeweka kiganja juu ya boneti. Ya moto. Siyo vuguvugu, ya moto, na nje ilikuwa nyuzi nne. Anasema ameisogeza tu kutoka gereji. Sikubishana, nikafungua buti nikanyanyua zulia upande wa kulia nikapitisha mkono mpaka kona ya mwisho, kuna gazeti limekunjwa limewekwa pale, limelowa chepechepe. Gazeti la wiki hiyo hiyo! Yaani anabadilisha kila wiki kama nepi. Nikamshukuru nikaondoka.

Ile 560 sijaenda hata kuiona, chesi nilimwomba mara mbili hataki kunitumia.

Lakini nimepata kitu kingine ambacho sikukitafuta. 420 SEC ya 1987, euro 23,000, kilomita 214,000, fedha iliyofifia, fenda la kushoto lina mkwaruzo mrefu haujapakwa kitu. Mwenyewe ana faili nene kama msahafu, kila risiti, kuna karatasi ya cheni na slaidi zake (vile vipande vya plastiki) zimebadilishwa kwenye kilomita 181,000. Alinipigia yeye kuniambia ataacha gari nje usiku kucha ili niikute imeganda. Ila roho yangu ilikuwa kwenye mia tano, na sijui hii 420 ina thamani gani, sisikii watu wakiitaja.

Fundi_Altona

Hawaitaji kwa sababu ni chache, 3,680 tu ziliundwa. Ni V8 ile ile ya familia moja, imepungua ujazo, na kuanzia 1985 sistimu ya mafuta ya Bosch imeongezewa umeme kidogo inawaka vizuri zaidi asubuhi. Tofauti na mia tano utaihisi ukiwa unashindana na mtu, sasa wewe unashindana na nani?

Mkwaruzo haujapakwa, hiyo nimeipenda. Nenda, fungua zile plastiki za chini, na ukikaa funga mlango uwashe, utazame bega lako: kuna mkono mdogo unatoka nyuma kukuletea mkanda, maana hakuna nguzo ya kuufunga. Ukigoma siyo sababu ya kuacha gari, lakini mota yake inasumbua kuipata, toa mia kadhaa kwenye bei.

Makorora_Stuttgart

Jumapili ijayo saa mbili asubuhi naenda na wife. Nimemwonyesha video ya huo mkono unavyoleta mkanda, sasa yeye ndiye anayeuliza kila siku kama gari bado ipo.

babu_wa_gongo

Shemeji kashaharibika. Leteni picha.