Huyu dalali tunayemjua wote ATANIUA. Nimeenda kuona nyumba, aliyeinunua kanifungulia mlango na mswaki mdomoni

Msaka Paa (mleta uzi):

Wakuu, naandika nikiwa kituoni nasubiri gari, mikono inatetemeka, kwa hiyo asinisahihishe mtu herufi leo.

Natoka kuonyeshwa nyumba ya mtu. Sijakosea kuandika. Nyumba YA MTU. Ina mtu. Mtu ana taulo.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule wa "boss wangu". Yule aliyeweka picha ameegemea gari ambalo hata mlango wake hajui unafungukia wapi. Kama umewahi kutafuta nyumba ya kununua hata kwa nusu saa, ameshakupigia. Kama hajakupigia, subiri umalize kusoma hapa.

Tangazo linasema "limewekwa leo". Vyumba vitatu, sebule, jikoni kuna dirisha kubwa linaangalia mti. Wakuu, lile dirisha lilinimaliza. Jana usiku nikampigia: nyumba bado ipo? "Ipo boss wangu, nimekufichia wewe tu." Asubuhi nikiwa njiani nikauliza tena. Ipo. Nimefika kona ya mwisho, naliona geti kwa macho, nikauliza mara ya tatu. Akaniambia, "Wewe gonga tu, funguo iko ndani."

Na kweli ilikuwa ndani. Mfukoni mwa mwenye nyumba.

Nagonga. Anafungua baba mmoja, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, povu limeshuka mpaka kidevuni. Nyuma yake mtoto anaendesha baiskeli kwenye sebule ambayo mimi nimekesha kuipanga makochi. Tukaangaliana. Povu likadondoka. Halafu yule baba akaniangalia mkononi. Nilikuwa nimeshika futi ya kupimia, maana nilitaka kujua kama kabati la marehemu bibi litaingia chumba kikubwa. Akatoa mswaki, akasema kwa furaha kabisa: "Ahaa, fundi wa mapazia! Ingia ndugu yangu, tulikusubiri jana kutwa."

Wakuu, nikasema "ndiyo".

Sijui nani alisema. Mdomo ulikuwa wangu lakini aliyesema simjui. Nikavua viatu. Nikaingia. NIMEPIMA MADIRISHA SABA. Mama mwenye nyumba amenishikia futi upande wa pili, ameniletea maji, ananiambia "fundi pole na jua". Vipimo nimeviandika nyuma ya tangazo nililochapisha. Dirisha la jikoni nimelipima mara mbili, mara ya pili nilikuwa naliaga.

Nimetoka nje nampigia yule mwehu, anasema, "Aisee boss wangu, hiyo imetoka jana usiku. Lakini nina nyingine kali kuliko hiyo." Jana usiku! Kwenye fremu ya mlango wa jikoni wamechora mistari ya kumpima mtoto urefu. Mistari MINNE. Huyo mtoto amerefuka mara nne tangu jana usiku?

Na namba yangu ya simu nimewaachia. Waliomba, nikatoa. Mswaki mdomoni, wakuu. Nimemwambia mtu mwenye mswaki mdomoni kwamba mimi ni fundi.

---

Kiti Cha Mbele:
Nimesoma mara mbili kujiridhisha. Ulipima yote saba? Hata la chooni?

---

Msaka Paa:
La chooni ni la nane. Waliniambia lile wataweka stika.

---

Kiti Cha Mbele:
Niko sakafuni.

---

Mama Watatu:
Ni huyu wa "boss wangu" na meno ya mbele yana mwanya? Mimi huyo alinipeleka nyumba tukakuta wenyewe wanamkatia mtoto keki ya kuzaliwa. Tukasimama mlangoni kama wageni waalikwa. Nikalishwa keki, nikaimba, nikapigwa picha. Mpaka leo nimo kwenye albamu ya familia ya watu.

---

Msaka Paa:
HUYO HUYO. Lakini mama yangu, keki si mapazia. Wewe ulikula. Mimi nimefanya kazi.

---

Dalali Mstaarabu:
Naomba niseme kidogo kabla hamjatuchoma moto wote. Nyumba ikishapata mteja si kwamba imeuzwa. Mteja anatoa malipo ya awali, kesho benki inamnyima mkopo. Au upekuzi wa hati unaonyesha ina deni, anakimbia. Au ndugu wa muuzaji wanaibuka na barua yao. Tukifuta tangazo siku ya kwanza, mteja akianguka tunaanza upya na muuzaji anatulaumu. Ndiyo maana tangazo linabaki mpaka hati ibadilishwe jina.

---

Msaka Paa:
Mkuu, yule mtu alikuwa anapiga mswaki. Mtu anayepiga mswaki kwake hasubiri mkopo.

---

Kona Kali:
Dalali Mstaarabu umesema nusu, ngoja nimalizie nusu uliyoiweka kiporo. Nyumba nzuri iliyokwisha kuuzwa ndiyo chambo bora kuliko zote, kwa sababu haiharibiki. Picha zake zinaita simu. Simu ikiingia umeshapata namba ya mtu mwenye hela na haraka. Unamwambia ipo, anatoka nyumbani, akishachoka na jua unamwambia imetoka dakika hii, twende nikuonyeshe nyingine iko hapo jirani tu. Hiyo nyingine ndiyo iliyokosa mtu tangu mwanzo. Na hiyo "limewekwa leo" isiwatishe: tangazo linafutwa asubuhi, linawekwa upya mchana, tarehe inakuwa mpya, nyumba ile ile. Mleta uzi, fungua ile picha ya jikoni, ikuze, tuambie kuna nini ukutani.

---

Msaka Paa:
Ngoja.

Kuna kalenda.

Ni ya mwaka juzi.

---

Kiti Cha Mbele:
Hahaha huyu mtu kaenda kuangalia mti kwenye dirisha, kalenda iko pembeni inampungia mkono.

---

Mlango Wa Nne:
Kwa upande wangu mimi ndiye mwenye mswaki. Si yule, ila wa aina yake. Nimenunua nyumba mwaka jana, tangazo liko hewani mpaka leo. Jumapili asubuhi naamshwa na hodi. Mmoja aliingia mpaka chumbani, mke wangu amelala, akasema "rangi hii nitaibadilisha". Nilipompigia dalali aifute, akasema lake alishafuta, lililobaki ni la mwenzake. Mwenzake akasema picha alizichukua kwa mwenzake mwingine. Nimehesabu madalali sita wana picha za nyumba yangu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ndani. Kila mmoja akiulizwa anasema ipo, kwa sababu kweli hajui kama haipo. Nimebandika karatasi getini: NYUMBA HAIUZWI. Sasa wanagonga kuuliza kwa nini haiuzwi.

---

Mama Watatu:
Jamani na zile picha zao mbona hamzisemi? Kwenye picha chumba unaweza kukimbiza mbwa. Ukifika, kitanda kinaingia kwa kusimama wima.

---

Kona Kali:
Lenzi pana hiyo mama. Mpiga picha anajibana kwenye kona, kuta zinavutika. Ukiona sinki la kunawa limekuwa refu kama mtumbwi, ujue chumba ni kidogo.

---

Msaka Paa:
Tusihame kwenye hoja, tafadhali. Hoja ni kwamba nimedanganywa MARA TATU tangu jana usiku, mara ya tatu nikiwa naliona geti, halafu nikafunguliwa mlango na mtu mwenye mswaki.

---

Bin Shaka:
Hoja ni mapazia, mkuu. Kudanganywa tumedanganywa wote. Kupima ni wewe peke yako. Mtu mzima anashindwaje kusema "samahani, nimepotea"?

---

Msaka Paa:
Walikuwa na furaha sana. Wewe hukuona sura yao. Madirisha yote wameziba kwa mashuka, moja lina katuni ya samaki.

---

Bin Shaka:
Mimi nikitaka kwenda kuona nyumba naomba dalali asimame ndani yake anipigie simu ya video, leo, sasa hivi, afungue bomba la jikoni nione maji. Akianza "mtandao unasumbua boss wangu" nakata. Usiulize "ipo?" Hiyo jibu lake ni moja tangu dunia iumbwe. Uliza "kuna mtu ameshatoa malipo ya awali?" Hapo utamsikia anakohoa.

---

Dalali Mstaarabu:
Na nyie wanunuzi je? Mtu namzungusha Jumamosi nne, anafungua kabati zote, anakaa kwenye makochi ya watu, anapiga picha na mke wake kwenye ngazi, halafu anasema "nilikuwa naangalia tu bei za soko". Uzi wangu mimi nitaufungua lini?

---

Mama Watatu:
Fungua tutaupita.

---

Fundi Pazia Original:
Salaam wakuu. Nimeletwa hapa na mwanangu, kaona neno mapazia. Nina swali la kitaalamu kwa mleta uzi. Ulipima kioo au ulipima bomba?

---

Msaka Paa:
Bomba lipi?

---

Fundi Pazia Original:
Mungu wangu.

Kijana, pazia halipimwi kwa kioo. Linapimwa kwa bomba linakoninginia, na bomba linapita dirisha kila upande sentimita 15 hadi 20 ili mwanga usichungulie pembeni. Halafu kitambaa unazidisha mara 2, wengine mara 2.5, ndiyo upate mikunjo. Ukikata kwa kipimo cha kioo, pazia linakaa kama bendera iliyonyeshewa. Na urefu je, umeishia kwenye kizingiti au sakafuni?

---

Msaka Paa:
Nimeishia pale mama aliposema "hapo panatosha fundi".

---

Kiti Cha Mbele:
Alisema fundi 😭😭

---

Mlango Wa Nne:
Fundi Pazia, mimi sebuleni nina dirisha la kona. Bomba moja lililopinda au mawili yanayokutana?

---

Fundi Pazia Original:
Mawili, na kiungio kwenye kona. La kupinda pete zinakwama.

---

Bin Shaka:
Zinakwama kwa mafundi wasiojua. Mimi nina la kupinda mwaka wa nne linateleza kama samaki.

---

Fundi Pazia Original:
Ulifungiwa na nani? Weka picha.

---

Mama Watatu:
Hapo hapo fundi, na nyie si ndio wa "mama njoo Alhamisi"? Shela zangu za dirishani ziko kwa fundi toka mtoto anaanza kutambaa, sasa anakimbia. Kila nikipiga "ziko kwenye cherehani mama". Cherehani gani hiyo inashona tangu mtoto hana meno?

---

Fundi Pazia Original:
Mama huyo si mimi. Mafundi tuko wengi.

---

Mama Watatu:
Dalali naye alisema hivyo hivyo hapo juu.

---

Dalali Mstaarabu:
Asante mama kwa kutambua kwamba si sisi tu.

---

Msaka Paa:
Wakuu, dharura. Yule baba wa mswaki amenipigia mara tatu. Nimepokea ya tatu. Anasema mke wake amependa nilivyopima kwa utulivu, sikuwa na haraka kama mafundi wengine. Anauliza naanza lini, na kama nitahitaji malipo ya awali. Nifanyeje? Nizime simu?

---

Kiti Cha Mbele:
Sema "ziko kwenye cherehani".

---

Bin Shaka:
Mwambie ukweli. Mwambie ulitaka kununua nyumba yake.

---

Msaka Paa:
Siwezi. Nimeshakunywa maji yao.

---

Fundi Pazia Original:
Kijana usihangaike. Nipe namba yake, nitaenda mimi, nitasema umepata dharura umeniachia kazi. Nitapima upya, hivyo vyako tupa. Madirisha saba si haba.

---

Msaka Paa:
Sawa mzee wangu. Lakini kwa heshima kabisa, nyumba nimeipata mimi, jua limenipiga mimi, na aliyependwa ni mimi. Nikikupa hiyo namba, mimi natokaje hapo?

---

Fundi Pazia Original:
Tusiandikiane mbele ya watu. Nimekutumia ujumbe.

---

Msaka Paa:
Nimeuona. Tumekubaliana mzee wangu, namba nimekutumia, na picha ya getini usije ukapotea.

---

Kona Kali:
Picha ya getini umeipata wapi?

---

Msaka Paa:
Kwenye tangazo.

---

Sindano Na Uzi:
Habari wakuu, nimechelewa. Mimi pia nashona mapazia, nina cherehani mbili na muda ninao. Mleta uzi, hiyo kazi ya madirisha saba bado ipo?

---

Msaka Paa:
Ipo mkuu. Njoo inbox.