Nina ukurasa mmoja tu wa nota za Florence Price, zilizobaki nazitafutia wapi?

kidole_cha_nne

Habari wadau. Mwalimu wangu wa piano alipostaafu alinigawia mafaili yake, sasa humo ndani nimekuta fotokopi ya ukurasa mmoja, nota zimeandikwa kwa mkono, jina la kipande hakuna, juu pembeni kuna penseli imeandika "Price" basi. Ni E maina (ufunguo wa E minor), mkono wa kulia una melodi ya kuimbika kabisa kama wimbo wa kanisani wa zamani, kushoto ni kurukaruka tu, vidole vyangu vimeshaomba msamaha. Halafu unakatika katikati, hata kadensi, yaani kituo cha kumalizia fungu la muziki, haijafika. Mwalimu nimempigia, hakumbuki aliitoa wapi.

Nimesomasoma nikaona kuna Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani, 1887 hadi 1953, na kwamba kazi zake nyingi zilipotea. Je, inawezekana nimeshika kitu kilichopotea? Na kama sio, nota kamili napataje, maana kila nikitafuta naletewa rekodi, nota hamna.

mla_vumbi

Mkuu shusha presha kwanza 😄 Kupotea kwa nota za huyu mama mara nyingi sio kwamba hazipo duniani, zipo ila zimekaa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuangalia, au zimeandikwa jina jingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Alikuwa na nyumba ya mapumziko St. Anne, kule Illinois, kusini mwa Chicago. Baada ya kufa kwake ile nyumba ikaja kuachwa ikachakaa, mti ukaangukia paa, watu wakaingia wakavuruga. Mwaka 2009 waliokuwa wanaikarabati wakakuta, kwenye sehemu ambayo maji hayakufika, marundo ya miswada ya muziki. Wakaangalia jina, wakatafuta intaneti, wakakuta Chuo Kikuu cha Arkansas pale Fayetteville tayari wana karatasi zake nyingine, wakawasiliana nao. Humo ndimo zilimokuwa koncheto zake mbili za violini na Simfoni namba 4. Hebu fikiria, simfoni nzima ya mwaka 1945 imekaa chini ya paa bovu ikaja kupigwa mara ya kwanza 2018.

Kwa hiyo ukitaka kutafuta, mlango wa kwanza ni huo mkusanyiko wa Fayetteville, unaitwa MC 988 na nyongeza yake MC 988a. Orodha yake iko wazi mtandaoni, boksi kwa boksi, faili kwa faili. Usiandike barua ya "naomba nota za Price", mtunza nyaraka hawezi kukusaidia hapo. Andika boksi namba fulani, faili namba fulani, naomba kujua kama kuna kipande cha E maina kinachoanza hivi, halafu mpe baa (vipimo vya muziki) nne za mwanzo. Baa nne zina nguvu kuliko jina, majina yanabadilika ila nota hazidanganyi.

Mama Tausi

Naongezea hapo kwa mla_vumbi kwenye suala la majina. Huyu alizaliwa Florence Beatrice Smith, akaolewa 1912 ndio akawa Price, kwa hiyo utamkuta kama Florence B. Smith, F. B. Price, Mrs. Price, na muziki wa kibiashara alitumia jina la bandia Vee Jay. Ukitafuta jina moja unapata nusu ya mtu. Vipande vyake vya kufundishia watoto navyo vilichapishwa enzi zake na wachapishaji tofauti tofauti, hivyo unaweza kuvikuta kwenye mafungu ya nota za mitumba hakuna hata anayejua ni vyake.

Na kitu ambacho wengi hawakijui: Marekani zamani mtunzi aliweza kusajili haki miliki ya wimbo hata kabla haujachapishwa, anapeleka nakala. Orodha za usajili zilikuwa zinatolewa kwa mwaka na zimeskaniwa, unapekua jina la mtunzi mwaka hadi mwaka. Kazi inachosha kama kuchambua mchele usiku lakini inakupa jina la kipande na tarehe, na mara nyingine inakuonyesha kwamba kuna nakala ilipelekwa Maktaba ya Bunge Washington. Mimi nilitumia njia hiyo kwa mtunzi mwingine kabisa nikapata vipande viwili ambavyo hata familia yake walisema hakuna.

Besi_Nzito

Wadau mnamzungusha kijana. E maina, melodi ya kiroho, mkono wa kushoto unaruka... hiyo si kipande chake cha piano, Fantasie nègre namba 1? Ya 1929. Imejengwa juu ya spiricho (wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi) ya Sinner, Please Don't Let This Harvest Pass. Inaanza na mbwembwe nyingi kwanza, melodi inakuja baadaye, ndio maana ukurasa wako hauna jina, sio ukurasa wa kwanza. Itafute rekodi usikilize ukiwa na karatasi mkononi.

Ila usichanganye na Sonata yake, nayo ni E maina, ya 1932, ndiyo iliyoshinda tuzo ya utunzi ya Wanamaker mwaka ule ule simfoni yake ya kwanza ilivyoshinda. Hiyo Sonata ilishachapishwa zamani kidogo, mhariri Rae Linda Brown.

mla_vumbi

Besi umenipiku, mimi nilikwenda mbali na jibu liko karibu. Ila nisamehe, kisa cha Fantasie kinabidi nikiseme. Ziko nne, na namba 3, F maina, kwa muda ilichukuliwa kuwa haijakamilika kwa sababu kurasa za mwanzo zinakatika ghafla, kama huo wako. Mpiga piano Samantha Ege akaingia kwenye mkusanyiko wa Arkansas akakuta zilizobaki zimekaa sehemu nyingine humohumo, hakuna aliyeziunganisha. Akaunganisha, akarekodi, ikatoka 2021. Mtu hakugundua kitu chini ya ardhi, alisoma tu makaratasi ya kwenye boksi kwa sikio la mpiga piano, hii faili ya F maina inaanzia hewani na ile ya F maina inaishia hewani, basi zikae pamoja. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko ya mti na paa.

Dokta_Skani

Kwani shida yote ya nini, si aingie IMSLP, ile maktaba ya nota za bure mtandaoni, ashushe, mtu amekufa 1953.

Mama Tausi

@Dokta_Skani haiko rahisi hivyo baba. Nchi zenye kanuni ya miaka 70 baada ya kifo ni kweli muda wake uliisha mwishoni mwa 2023. Marekani kwenyewe inategemea kipande kilichapishwa lini au hakikuchapishwa, na vingi vya kwake vimechapishwa juzijuzi tu. Wachapishaji wa nota G. Schirmer walichukua haki za kazi zake dunia nzima mwaka 2018 na tangu hapo wanatoa matoleo, mengi yamehaririwa na John Michael Cooper. Kwa hiyo kijana aanze kuangalia kwao kama kipo, kikiwepo anunue tu, ni nota safi, zimesahihishwa, na macho yake yatamshukuru. Miswada ya mkono ina makosa ya mtunzi mwenyewe, kuna mahali alisahau bekari (alama ya kurudisha nota kwenye hali yake ya kawaida) ukabaki unajiuliza ni uasi au usingizi.

kidole_cha_nne

Aisee nimerudi. Nimesikiliza namba 1 na karatasi mkononi, mara ya kwanza ikanipita, mara ya pili nikaikamata, ni YENYEWE, baa kwa baa mpaka pale inapokatika. Kwa hiyo hazina yangu haikupotea, ilikuwa inapigwa na watu siku zote, mimi ndio nilikuwa nimepotea 😂 Nimefurahi na nimesikitika kidogo kwa wakati mmoja, sijui kama mnanielewa. Nota kamili nitanunua.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Nimeangalia picha za miswada ya Price mwenyewe, mwandiko wake na wa karatasi yangu haufanani. Vichwa vya nota vyake vimelala, hivi vyangu vya duara kama shanga.

Besi_Nzito

Mtu alinakili tu akajifunzie. Zamani hakukuwa na mashine ya fotokopi kila kona.

mla_vumbi

Inawezekana, lakini tusifunge mlango haraka. Price alipoachana na mumewe 1931 maisha yalimbana, kuna kipindi aliishi kwa kina Margaret Bonds pale Chicago. Bonds alikuwa mwanafunzi wake, na hii Fantasie namba 1 ndiye aliyetunukiwa, akiwa bado binti. Huyo Bonds alikuja kusimulia kwamba Price akibanwa na tarehe ya kupeleka kazi, wanamuziki weusi wa Chicago waliojua kushika kalamu walikuwa wanakuja kumsaidia kunakili ili awahi. Kwa hiyo mwandiko usio wake kwenye kazi yake sio ajabu hata kidogo, na sio lazima uwe wa mwanafunzi wa juzi.

Cha kufanya: skani hiyo karatasi pande zote mbili hata kama nyuma ni nyeupe, pima ukubwa wake, ikague kama fotokopi imebeba alama ya kiwanda cha karatasi za muziki pale chini, hiyo alama pekee inaweza kukupa makadirio ya miaka. Halafu linganisha na toleo la kuchapishwa ukilipata, nota kwa nota. Ukikuta tofauti hata ya baa moja ambayo sio kosa la kunakili, hapo ndipo uwaandikie Fayetteville.

kidole_cha_nne

Alama ipo!! Imekatwa nusu na ukingo wa fotokopi lakini inasomeka namba 12 na kipande cha herufi. Nampigia tena mwalimu, huenda karatasi yenyewe iko kwenye yale maboksi mengine aliyompa mdogo wake.