Wasiwasi usioisha: mwili umekaa mguu sawa wakati hakuna vita: tupeane uzoefu

Mkesha: Wakuu, saa 9 usiku hii niko macho. Nimeuma meno mpaka taya linauma, mabega yamepanda karibu na masikio, na leo hakuna baya lililotokea. Huu ni mwezi wa 8 niko hivi. Mtu akiniandikia tu "naomba tuongee", tumbo linakatika. Vipimo vya moyo safi. Aliyepitia hii atuambie.

Pilikapilika: Hiyo "naomba tuongee" ipigwe marufuku.

Wosia Mkononi: Umenikumbusha mbali mkuu. Nilikuwa kwenye lifti, tuko 4, kimya. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama nimekimbizwa. Nikahema harakaharaka nikidhani hewa imekwisha. Midomo ikawa inachonyota, vidole vikafa ganzi, vikajikunja vyenyewe kama makucha ya kuku. Nikajua ndiyo safari. Kwa dole gumba lililobaki na uhai nikaandika kwenye grupu la ukoo: watunzieni wanangu, na zile hela za mchango nilizosema zimeibiwa, hazikuibiwa, nilikula mimi. Nikatuma. Nusu saa baadaye niko kitandani kwa daktari, shati limelowa, kipimo cha umeme wa moyo hakina kasoro. Kumbe kuhema kule kulipunguza mno kabonidioksidi (hewa tunayoitoa) kwenye damu, ndiyo ganzi ile. Hewa ilikuwepo tele! Nashika simu nifute, watu 17 wameshasoma.

Chekibobu: Hela ulirudisha?

Pilikapilika: 😂😂 Hata mimi nasubiri hilo jibu.

Mnyoofu: Haya yote ni kukosa shughuli na imani. Salini, mlale.

Bi Taratibu: Kaka Mnyoofu, mimi nasali, na nimetetemeka hukohuko katikati ya sala. Usinipimie imani.

Mnyoofu: Sijakutaja dada.

Bi Taratibu: Hukuhitaji kunitaja.

Zamu ya Usiku: Nafanya kazi wodini, niongee kidogo. Neva zinazoendesha moyo, pumzi na tumbo bila wewe kuziamuru ziko pande mbili. Moja inakanyaga mafuta: adrenalini, homoni ya hatari, inamwagika, moyo unakimbia, tumbo linasimamisha kazi, misuli inakaza. Nyingine inashika breki. Amigdala kwenye ubongo ndiyo hupiga king'ora, na haisubiri uhakika. Ujumbe wa bosi na nyoka, kwake inaweza kuwa habari moja. Kwa mwenye wasiwasi sugu king'ora kinakuwa chepesi mno. Halafu unaanza kuyaogopa mapigo yenyewe: moyo ukiruka kidogo unashtuka, ukishtuka adrenalini inaongezeka, moyo unaruka zaidi. Huo mduara ndio unaokukesha, Mkesha. Miezi 6 ya wasiwasi karibu kila siku inatosha kumwona mtaalamu. Mwambie apime na tezi ya shingo. Ikizidisha homoni, dalili ni zilezile.

Mkesha: Tezi hawajapima kabisa.

Chekibobu: Acha kahawa kwanza. Saa 5 baada ya kikombe, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

Bi Taratibu: Sijawahi kunywa kahawa maishani, na natetemeka.

Pilikapilika: Pumulia kwenye mfuko wa karatasi, inashusha.

Zamu ya Usiku: Usifanye hivyo! Kama kumbe ni pumu au moyo, unajinyima oksijeni. Vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa 6. Ukitoa pumzi, neva ya vagasi, ile ya upande wa breki, inapunguza mwendo wa moyo. Shika mkono wako usikilize mapigo, utaona.

Bi Taratibu: Nikihesabu pumzi ndiyo nachanganyikiwa zaidi. Mimi huosha vyombo, hata visafi. Kilichonisaidia hasa ni ushauri nasaha na vidonge, na vidonge vilichukua wiki kadhaa. Wiki ya 2 nilitaka kuvitupa.

Wosia Mkononi: Mimi nimeacha lifti tu. Ofisi iko ghorofa ya 9.

Zamu ya Usiku: Hapo sasa unaukuza uoga, ndugu yangu. Kila ukipanda ngazi, mwili unaamini lifti ilikuwa hatari kweli. Anza na ghorofa 1, ushuke.

Mkesha: Nimejaribu hiyo ya 4 kwa 6. Mapigo yalikuwa 112, sasa 88. Taya bado.

Chekibobu: Wosia, hela.

Wosia Mkononi: Nalipa kwa awamu. Mhazini ni shemeji.