Kaka yangu ni shahidi tu katika kesi yake mwenyewe?

Binti wa Faza
Assalaam aleikum ndugu zangu. Kaka yangu alikatwa panga mkononi alipokuwa akirudi kutoka kuvua, na hadi leo hawezi kuvuta nyavu. Mara nne tumevuka kwa boti kwenda mahakamani tukaambiwa kesi imeahirishwa. Mara ya mwisho wakubwa walizungumza Kiingereza kwa dakika chache, faili likafungwa, nasi tukabaki kwenye benchi tusijue lililoamuliwa. Nilipomuuliza kiongozi wa mashtaka, alinijibu kwamba kaka yangu ni shahidi wa kwanza na kazi yake ni kungoja aitwe. Sasa twasikia mshtakiwa anataka kukubali kosa dogo zaidi ili mambo yaishe. Je, aliyeumizwa hana neno kabisa?

Wakili, Malindi
Wa aleikum salaam, dada. Analo. Ibara ya 50(9) ya Katiba ya Kenya ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na sheria hiyo ikapatikana mwaka 2014. Humo kaka yako ana haki ya kujulishwa mashtaka, kupewa mkalimani ikiwa haelewi lugha inayotumika, na kutoa maoni yake kabla ya makubaliano yoyote ya kukiri kosa, kwa hivyo hayo mnayoyasikia msiyangoje yawafikie yakiwa yameshatiwa saini. Mwaka 2020, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, hata kupitia wakili wake, ila hakimu ndiye anayepanga namna na wakati wa kushiriki.

Mzee wa Mkomani
Nakubaliana na wakili, lakini binti yangu, usiache nusu ya uamuzi huo. Mahakama ilisema pia kwamba mwathiriwa hawi kiongozi wa mashtaka wa pili. Aliye kizimbani bado hajapatikana na hatia, na haki yake ya kusikilizwa bila kuonewa ni nzito kama uchungu wenu. Hata kaka yako kuambiwa akae nje kabla ya kutoa ushahidi si dharau, kwa maana shahidi akisikia ya wenziwe, ushahidi wake hutiliwa shaka.

Mama Shela
Mwanangu, mimi niliyapitia kwa ajili ya binti yangu. Baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia, na kabla ya hukumu kutolewa, nilisoma mbele ya hakimu karatasi mbili za kueleza madhara tuliyoyapata. Niliandika jinsi binti yangu alivyokuwa akishtuka mlango ukigongwa, na ada ya shule iliyoishia hospitalini. Aandike vivyo hivyo kuhusu mkono wake: kamba gani hawezi kuishika, na nani sasa anayemlisha.

Binti wa Faza
Ahsanteni sana. Jumatatu tutapeleka barua kwa kiongozi wa mashtaka, nakala kwa karani wa mahakama, tukiomba mkalimani na kusikilizwa kabla ya makubaliano yoyote. Kaka ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto.